Dumu la babu liliwekwa nyuma ya jiko

Jumamosi tulikuwa ukumbini hapa Iringa mjini, tukimuaga binamu yangu anayeolewa. Babu alishuka na basi la asubuhi kutoka Kilolo, dumu la njano la ulanzi, pombe ya mwanzi, katikati ya miguu, kifuniko amekilegeza lisije likapasuka. Kijana wa kamati akalipokea kwa ncha za vidole, akalipeleka nyuma ya jiko. "Meza kuu tumeshaweka waini, babu." Babu akajibu, "Haya, mwanangu." Iliniuma, na bado inaniuma.

Yule kijana hakujua amebeba nini. Chipukizi la mlanzi hukatwa ncha, ikatundikwa mbeta ya kupokea maji yake. Kisha asubuhi na jioni unarudi na kisu kikali, unakata tena kipande chembamba kama ukucha, maana ukichelewa jeraha linafunga. Chipukizi hilo halitakuwa mwanzi tena. Nimesimama kwa babu kwenye ukungu, vidole vimekufa ganzi, nikimwangalia akitoa nyuki waliozama mmoja mmoja kabla hajamimina. Asubuhi ni mtogwa, mtamu bado, hata mtoto anakunywa. Ulanzi ukilala, umekuwa kitu kingine: kilevi. Na ni wa wakati wa mvua tu.

Kule Georgia, kwenye milima ya Caucasus, mvinyo huivia ndani ya mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini, inaitwa qvevri. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Mitungi ya udongo! Na karamuni yupo tamada, msemaji wa meza: glasi zinafuata neno lake. Wajapani nao hawapendi mtu ajimiminie. Jirani yako anakujazia, nawe unamjazia.

Haya yote tunayo. Babu huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo kikombe kizunguke. Rungwe, wazee wa Kinyakyusa hukizunguka chungu kimoja cha kimpumu, pombe yao ya ulezi, kwa mirija, maji ya moto yakiongezwa, mazungumzo yakiendelea. Ukinywa hivyo, kila mtu anaona umefika wapi. Mzee akikuruka kikombe kikizunguka, umeelewa, unakaa kimya. Hapo ndipo ninaposhikilia: kinachomlinda mnywaji ni watu aliokaa nao. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, vilikuwa kinyume cha hayo yote. Vilikaa mfukoni, mtu akanywa peke yake, gizani, hakuna wa kumwambia basi. Tuliwazika vijana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vilabuni kwetu wapo wanaoanza saa mbili asubuhi mvua zikishaanza, na mahindi yanamezwa na magugu. Madumu mengine pia hayaoshwi. Basi tuyaoshe. Lakini ulevi huo upo hata baa yenye viti vya ngozi, na sijaona kamati ikiificha bia nyuma ya jiko kwa sababu hiyo.

Usiku nilimkuta babu nje na madereva, wamekaa kwenye kreti zilizopinduliwa, kikombe kimoja cha plastiki kinazunguka. Aliponiona alionja, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, mjukuu wangu."

Mdogo wangu anaoa mwezi wa nne, ulanzi ungalipo. Kwenye kamati nimo, na nimeshawaambia: dumu la babu litakaa meza kuu, naye ndiye ataonja wa kwanza.