Hiyo ni kodi ya kiti

Mwandishi wa makala yenu anashangaa Wanairobi kulipa mamia ya shilingi kwa kikombe kimoja cha kahawa pale Java, ile migahawa ya kahawa, ilhali kahawa ya mtaani ni bei ya chini mno. Ndugu, hiyo ni kodi ya kiti! Tangu wafungue duka la kwanza Adams Arcade mwaka 1999, wengi wetu, tena watu wa chai ya maziwa, huingia humo kufuata soketi, waifai na choo safi. Tazama meza za ukutani saa nne asubuhi: laptopu imechomekwa, povu limekaukia kikombeni, mwenyewe anabembeleza mteja kwa simu. Ofisi ya kupanga mjini ataimudu wapi? Ila wanaokalia meza ya watu wanne kwa chai moja saa ya chamcha, hao wanatuharibia.