Kidonge kinaposhusha presha na fidia pia

Mmarekani aliyepigana Vietnam mwishoni mwa miaka ya 1960 leo anakaribia miaka themanini. Ana presha. Jirani yake ambaye hajawahi kushika bunduki naye ana presha, kwani karibu nusu ya watu wazima wa Marekani wanayo. Basi huyu mzee aliipata jeshini, au aliipata kama jirani yake? Swali hilo, ambalo ndilo huamua kama serikali itamlipa fidia, limejaza mafaili ya rufaa kwa miaka mingi, na kila upande una hoja isiyodharaulika.

Kwa kawaida, anayedai fidia ya ulemavu katika Idara ya Masuala ya Maveterani, yaani askari wa zamani, huthibitisha mambo matatu: ugonjwa upo sasa, kuna jambo lilimpata akiwa jeshini, na viwili hivyo vinahusiana. Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Risasi huacha kovu. Presha haiachi alama ya kuonesha nani aliikaza mishipa: chumvi, uzee, damu ya ukoo, au sumu aliyoivuta msituni.

Kwa wa Vietnam, sumu yenyewe inajulikana. Kati ya 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga dawa za kuua majani, maarufu zaidi ikiwa Agent Orange, iliyochafuliwa na dioksini. Sheria ya 1991 iliweka utaratibu wa wanasayansi wa taasisi za kitaifa za taaluma kupitia tafiti kila baada ya muda. Kwanza waliuona ushahidi wa presha kuwa wa kuashiria tu. Mwaka 2018 wakaupandisha daraja na kusema unatosha. Hata hivyo, Januari 2021 Bunge lilipoongeza kwenye orodha ya magonjwa yanayohesabiwa moja kwa moja kuwa yametokana na sumu hiyo saratani ya kibofu, upungufu wa homoni ya thairoidi na dalili zinazofanana na za Parkinson, presha iliachwa nje. Yale ni magonjwa ya wachache. Presha ni ya wengi, na wengi maana yake ni fedha nyingi.

Sheria ya PACT, ya maveterani waliokumbwa na sumu kazini, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, ndiyo iliyoiingiza presha. Tangu hapo, aliyetumikia maeneo yaliyotajwa na sheria hahitaji tena daktari wa kumwandikia uhusiano. Wapo wanaosema serikali imekubali kulipia uzee wa watu. Siwacheki, katika kundi kubwa hivyo, lazima wamo ambao wangepata presha hata wangebaki shambani kwao Iowa. Lakini hakuna kipimo cha kuwatenganisha, na aliyemwaga sumu ni serikali. Kumtaka mzee alete ushahidi ambao sayansi yenyewe haiwezi kuutoa ni kumtuma kuchota maji kwa pakacha.

Mlango ukifunguka, ugomvi unahamia kwenye asilimia ya ulemavu, ambayo ndiyo hupanga kiasi cha fidia. Jedwali la idara linataka, katika vipimo vingi vya presha, namba ya chini iwe 100 au zaidi, ama ya juu 160 au zaidi, ndipo mtu apewe asilimia 10. Asilimia 20 inataka 110 chini au 200 juu; 40 inataka 120 chini; 60 inataka 130. Anayemeza dawa kila siku naye hupata 10, ila kwa sharti kwamba huko nyuma, katika vipimo vingi, namba yake ya chini ilikuwa 100 au zaidi.

Hapo ndipo penye mgogoro hasa. Tuseme askari mmoja alipimwa 148 kwa 94, daktari akamwanzishia dawa mapema, na hajawahi kufika 100. Mwenzake alipuuza hadi akafika 170 kwa 104. Wa pili anapata asilimia 10, wa kwanza anaweza kutambuliwa kuwa mgonjwa kwa sababu ya jeshi na akapewa sifuri. Aliyewahi hospitali kapunjwa.

Mwaka 2012, mahakama ya rufaa za maveterani ilisema kwamba Bodi, yaani bodi ya rufaa ya idara, haiwezi kumnyima mtu asilimia ya juu kwa sababu dawa inamsaidia, kama jedwali la ugonjwa wake halitaji dawa. Mawakili wakajaribu kuutumia uamuzi huo kwenye presha. Mwaka 2016, katika kesi ya McCarroll, mahakama hiyohiyo ikawakatalia: jedwali la presha linataja dawa, kwa hiyo nafuu yake imeshahesabiwa. Kisheria naona walisoma sawasawa. Idara nayo ina jibu la maana, kwamba fidia hulipwa kwa kupungua kwa uwezo wa kutafuta riziki, na mwenye presha iliyotulia anaamka na kwenda kazini kama kawaida. Lawama yangu iko kwa walioandika jedwali, waliotazama namba bila kutazama tabia inayoleta namba hizo.

Asilimia 10 mwaka 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi. Kwa nini basi mtu akate rufaa miaka kwa ajili ya hizo, au hata kwa ajili ya sifuri? Kwa sababu presha ni mlango. Ikishatambuliwa kuwa ya jeshini, kiharusi, moyo au figo zilizoharibiwa nayo hudaiwa kwa njia hiyohiyo, na mjane anaweza kulipwa iwapo ndiyo iliyomuua mumewe. Idara inalijua hilo, ndiyo maana mlango unalindwa.

Nje ya mlango huo wamebaki vijana wa Iraq na Afghanistan, wakiwamo Wakenya na Watanzania waliojiunga na jeshi la Marekani. Kwa moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, PACT iliwaorodheshea saratani na maradhi ya njia ya hewa, presha haimo. Wao bado wanapambana na lile jambo la tatu, yaani uhusiano, na mara nyingi huupitishia kwenye kiwewe cha vita au dawa za maumivu zinazopandisha presha. Daktari anayemkagua mdai akiandika "unene na ukoo" na kuishia hapo, hajamaliza kazi. Lazima ajibu pia kama kiwewe kimeizidisha presha, hata kama hakikuianzisha. Ushahidi ukiwa sawa kwa sawa, faida ya shaka ni ya mdai.

Tangu Februari 2019 mwenye kukataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua: afisa mwandamizi apitie faili lilelile, apeleke ushahidi mpya, au aende Bodi. Kwa presha, ningemshauri mtu atazame kwanza njia ya ushahidi mpya, maana kinachokosekana huwa ni namba za vipimo vya zamani. Afisa mwandamizi hapokei karatasi mpya hata moja.

Na hata namba zenyewe hazisomwi kwa jicho moja. Tangu 2017 madaktari wa moyo wa Marekani huita presha kuanzia 130 kwa 80. Jedwali la fidia, ili kukubali tu kwamba mtu ana presha, linataka 90 chini, au 160 juu. Mwenye 145 kwa 85 anaweza kutoka kliniki ya idara na vidonge mfukoni, kisha akapokea barua ya idara hiyohiyo ikimwambia hana presha.