Ndugu Bubo Hakualikwa

Mjomba wangu wa Mpwapwa hajawahi kunielewa. Mtu mzima, una kazi yako Dodoma mjini, unapanda basi na lenzi ndefu kama mchi, unakwenda kuvizia ndege, halafu ndege mwenyewe humli.

"Sasa ukishampiga picha?"

"Basi, mjomba."

"Basi nini?"

Hapo huwa sina jibu. Safari hii nilijiandaa. Nikampa habari ya kwale wa Udzungwa: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wako kambini msituni, wanaletewa mchuzi, wanachungulia sufuria wanaona miguu isiyo ya kuku. Kufuatilia, kumbe ni ndege ambaye sayansi haikuwa na habari zake kabisa. Ndugu yake akaja kugunduliwa mwaka 2000 kwenye milima ya Rubeho, ambayo sehemu yake imo humu humu wilayani Mpwapwa.

Mjomba akatafakari. "Kwa hiyo wazungu walikula kwanza, ndiyo wakauliza?"

"Inaelekea hivyo."

"Hao wana akili."

Huko Rubeho kwenyewe nilikopanda sina mengi ya kusimulia. Ukungu, matope, na mikia ya ndege wanaoondoka. Msitu wa mlimani ndivyo ulivyo: ndege unamsikia kwanza, kumwona ni majaliwa. Ndiyo maana simu yangu imejaa sauti za ndege zilizorekodiwa. Unapiga kidogo, ndege anadhani kuna mwenzake kaja kumpora eneo, anasogea kuangalia. Ukipiga mara moja mbili inatosha, ukizidisha unamtesa, anaacha hata kulisha watoto wake. Mimi si mtu wa kuzidisha. Naomba hili likumbukwe.

Niliporudi kutoka milimani nikakuta nyumbani kwa mjomba ni sendofu ya binamu yangu. Turubai limefungwa uani, meza kuu imepambwa, ndafu yuko jikoni. DJ hajafika. Wakaniomba nijaribu spika, ile kubwa yenye magurudumu, ya bluetooth. Nikaunganisha simu yangu, nikapiga wimbo mmoja, akina mama wakatikisa mabega, wakasema iko sawa. Baadaye DJ akaja, akaunganisha ya kwake. Kazi yangu ikawa imeisha.

Sasa, nyuma ya nyumba kuna mbuyu. Mjukuu wa mjomba, wa darasa la tano, akaninong'oneza, "Anko, kule kuna bundi, mkubwa, anakula kalunguyeye." Nusura nimbusu. Bundi mla kalunguyeye, na mkubwa hivyo, ni yule ambaye hakuna anayemzidi ukubwa Afrika nzima. Na ana kitu kimoja ambacho usipokiona utabisha: kope zake ni za rangi ya waridi. Akikodoa macho ni bundi tu. Akifumba, utadhani katoka saluni. Picha niliyoitaka mimi ni hiyo ya kufumba.

Giza lilipoingia nikajitoa kwenye sherehe kistaarabu, nikaweka kamera kwenye stendi, kijana akashika tochi. Bundi yuko juu kabisa, katupa mgongo. Nikatoa kispika changu kidogo cha mfukoni, nikakiwasha. Wakati huo huo umeme ukakatika, watu wakaguna, ukarudi. Spika kubwa ikajiwasha upya. DJ, nasikia, alikuwa amekwenda kuonja ndafu. Spika ikatafuta simu ya kushikamana nayo, ikaikumbuka yangu.

Mimi nikabonyeza. Kispika kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Rekodi hiyo huanza na sauti ya mzee mmoja wa Kizungu, nzito, akitaja jina la kisayansi la ndege. Uani, wakati binti anajiandaa kwenda kumtafuta mchumba wake katikati ya wageni, spika ikatamka: "Bubo lacteus. Tanzania."

MC hakutetereka. MC wa kwetu hatetereki. "Naam! Nataarifiwa mgeni wetu amefika, ndugu Bubo Lakteusi, wa hapa hapa Tanzania! Ndugu Bubo, simama tukuone! Makofi matatu ya nguvu!"

Watu wakapiga. Ndugu Bubo akajibu: "Hmm. Hmm. Hu-hu-hmm."

"Anko," kijana akaniambia kule gizani, "mbona kule kuna mtu anaguna?"

"Wameshiba hao. Tulia."

Nikabonyeza tena.

Bibi yangu, mama yake mjomba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ni bundi. Kaja kuchukua mtu." Mzee mmoja wa kanisa akapokonya maiki, akaanza kukemea. Spika ile ile, kwa hiyo ikawa zamu kwa zamu: yeye anakemea, Bubo anaguna.

Bundi wangu wa kwenye mbuyu naye alisikia. Nilimwona akigeuza shingo, kisha tawi likawa tupu. Manyoya ya ukingo wa bawa lake yana vijimeno vinavyokata upepo, akiruka husikii kitu. Akapita juu ya kichwa changu, akaenda kutua kwenye bomba la turubai, juu ya keki.

Nilipofika na lenzi yangu uani hapakuwa na mtu. Viti vya plastiki vimelala chali, kiatu kimoja cha mchuchumio kimezama kwenye pilau. Bundi ameshaondoka. Aliyebaki ni MC peke yake, amesimama pale pale na simu mkononi. Asingekimbia, alikuwa hajamaliziwa hela yake.

Washenga walirudi usiku huo huo wakiwa na hoja mpya. Nyumba ina bundi, mahari ipunguzwe ng'ombe mmoja. Mjomba akawauliza, "Kabla hamjaja ninyi, alikuwa amekaa kwenye mti wake. Nani kaleta?" Wakabishana mpaka wakakubaliana kwamba ni mimi. Mbuzi mmoja kwa bibi, ng'ombe wote wabaki kama walivyo.

Asubuhi nikamtafuta MC, nikamwomba nione picha yake. Imekaa sawasawa, bundi kageukia simu, macho kayafumba, kope zile za waridi zinang'aa kwa taa za meza kuu.

"Nitumie, kaka."

"Elfu kumi."

Nikamwambia sawa, nipe namba yako nikurushie.

"Weka na ya kutolea," akasema.