Shampeni ya mkulima mwenyewe, na nyie mnaouliza "brand gani hiyo"

Niliweka picha kwenye grupu la ukoo, chupa tatu juu ya ukuta wa mawe, nyuma mizabibu inateremka mpaka mto Marne, huku Champagne, mkoa wa Ufaransa inakotoka shampeni, picha kali hata mimi nilijisifu. Haijapita dakika binamu yangu mmoja kajibu, "Sasa ndo brand gani hiyo? Umefika mpaka Champagne unanunua za kienyeji?" Wakamwagika na vikatuni vyao vya kucheka. Shangazi naye, kwa upole wake ule unaouma zaidi, akaandika, "Mwanangu, ile ya lebo ya njano haikuwepo?"

Ilikuwepo shangazi. Ipo kila mahali, ipo mpaka airport, ndo tatizo lenyewe. Kwenye grupu sikujibu kwa sababu ningeandika kitu cha kunigombanisha na watu mpaka Krismasi. Naandika hapa. Wale msiotumia kilevi vumilieni tu, zaidi nazungumzia mashamba na pesa.

Kutoka Brussels ninapokaa mpaka Épernay ni kama masaa matatu kwa gari. Pale mjini kuna mtaa wao unaitwa Avenue de Champagne, majumba makubwa, mageti ya chuma yenye nakshi, ukitaka kuingia unakata tiketi unapangwa na watu wa mabasi, binti wa watu kavaa suti anawaeleza historia aliyoikariri, mwisho mnapewa glasi moja moja mnakunywa mmesimama dukani katikati ya mikoba na miamvuli ya kampuni. Nilishaifanya hiyo, inatosha. Safari hii tulipita mjini bila kusimama tukafuata bonde la Marne kuelekea magharibi mpaka kijiji kimoja kidogo kisicho na hata duka la mkate, nyumba ina kibao cha jina la ukoo getini na trekta uani. Jina silitaji, hawajaniomba niwatangaze.

Aliyetupokea ni mama mwenye nyumba mwenyewe, buti zina tope, katoka kufunga matawi ya mizabibu kwenye waya. Mume wake alikuwa anahangaika na pampu, akatupungia mkono akaendelea na shughuli zake. Hakuna suti, hakuna video. Mama akanawa mikono, akachukua tochi, akasema twendeni chini.

Kule handakini ni baridi, digrii 10 mpaka 12 mwaka mzima, chupa zimelazwa ukutani mpaka mwisho wa macho. Akatueleza huku anatembea. Waini ya kawaida wanaitia kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, wanafunga, hamira inakula ile sukari inatoa gesi, gesi haina pa kutokea, ndani kunajengeka presha ya kama bar 6, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. (Ndo maana nasemaga kila siku, yule MC wa harusi anayetikisa chupa halafu anaielekeza high table anatakiwa akamatwe.) Sheria yao inataka shampeni ya kawaida ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile ya zabibu za mwaka mmoja tu ikae miaka 3. Hawa ya kawaida wanaiacha zaidi ya miaka miwili, na kumbuka muda wote huo hiyo ni hela yao imelala gizani, benki nayo inasubiri.

Halafu kuna kazi ya kuzungusha chupa kidogo kidogo huku inainamishwa mpaka mashapo yote yashukie shingoni, shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, kipande cha barafu chenye uchafu kinaruka chenyewe, wanaongeza utamu kidogo au hawaongezi, wanafunga kizibo cha kudumu. Ufundi wa kuinamisha chupa kwenye mbao zenye matundu unahusishwa na mjane Clicquot, mama aliyefiwa na mume mwaka 1805 akiwa na miaka 27 tu akabeba biashara mabegani wakati wanawake hawakuachiwa hata daftari la hesabu. Na huyo mjane ndo mwenye ile lebo ya njano, Veuve Clicquot. Haya shangazi, hapo nakupa heshima yako. Ila leo jina lake ni mali ya LVMH, wale wale wa mikoba ya Louis Vuitton, pamoja na Moët, Krug, Ruinart na Mercier. Mkidhani mmechagua kati ya brand tano, duka ni moja.

Sasa nije kwenye kinachonikera kweli kweli.

Karibu asilimia 90 ya mashamba ya Champagne ni ya wakulima, familia kama 16,000 hivi, wengi wana vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika. Lakini chupa zinazouzwa duniani, zaidi ya theluthi mbili zinatoka kwa makampuni makubwa, na zile zinazouzwa nje ya Ufaransa ndo usiseme. Maana yake ni kwamba huyu mama mwenye tope kwenye buti ndo Champagne yenyewe, na bado binamu yangu anauliza brand gani. Anayevuna kwa mkono, maana sheria pale inataka zabibu zote zivunwe kwa mkono hata mvua inyeshe, hajulikani. Anayejulikana ni aliyelipia bango.

Na hawa watu walishapigana kwa ajili ya hili. Mwaka 1911, baada ya mavuno mabovu kabisa ya 1910, wakulima wana njaa huku wanaona baadhi ya wafanyabiashara wanaleta zabibu na waini za bei chee kutoka Loire na kusini wanazigeuza shampeni. Mwezi wa kwanza kule vijiji vya Damery na Hautvillers wakakamata mizigo wakaimwaga mtoni. Mwezi wa nne kule Aÿ ikawa moto, maghala na nyumba za wafanyabiashara zikachomwa, serikali ikaleta jeshi. Jeshi jamani, kwa sababu ya zabibu! Mambo ya mipaka ya nani ni Champagne na nani siyo yalikuja kutulia kwa sheria ya 1927. Mama alituonyesha kwa kidole upande iliko Damery kama mtu anayeelekeza kituo cha daladala, kwake ni stori ya babu wa mume wake.

Kwa hiyo ukishika chupa ya shampeni achana na mambo ya dhahabu shingoni, tafuta herufi mbili ndogo kwenye lebo, ndogo mpaka unahitaji miwani. RM ni mkulima aliyelima na kutengeneza mwenyewe. NM ni anayenunua zabibu za wakulima, humo ndo yamo makampuni makubwa. CM ni ushirika. RC, hapa fungua macho, ni mkulima anayepeleka zabibu ushirika halafu anarudishiwa chupa anabandika jina la ukoo wake, kwa hiyo picha ya babu kwenye lebo isikutoe machozi. MA ni jina la mnunuzi, mara nyingi supamaketi. Ukijua hizo, umewazidi nusu ya watu wanaopiga picha na ndoo za barafu.

Haya, nikubali kidogo kabla hamjaja kwenye komenti. Zipo NM za kifamilia mpaka leo na ni nzuri mno, Bollinger, Pol Roger, Billecart-Salmon. Na kampuni kubwa ina uwezo wa kuchanganya waini za vijiji vingi mpaka chupa ya mwaka huu inafanana na ya mwaka juzi, si kazi ndogo. Na RM mbovu zipo, nimekunywa moja kali kama maji ya ndimu, mwenye nayo ananitazama usoni nikasema très bon, nzuri sana. Basi, nimekubali.

Kuonja sasa. Tulikaa jikoni kwao, meza ina kitambaa cha plastiki, glasi za tumbo pana (zile nyembamba ndefu za harusini mama anasema ni za kuangalia mapovu, harufu unaikosa). Ya kwanza ilikuwa nyingi Meunier, zabibu nyeusi ambayo wakubwa wanaizungumzia kama mtoto wa kambo lakini bonde la Marne ndo kwake. Ilikuwa na tufaa bivu, kidogo kama mkate unaotoka tanuri, mapovu laini, hainyongi koo. Ya pili haijaongezwa sukari kabisa, hiyo ndugu zangu nisidanganye, ilinikaza mashavu, mke wangu ndo aliipenda akanywa na yangu. Ya tatu ya zabibu za 2012, na hapo nilinyamaza, ina karanga, ina asali isiyo na utamu wa asali, unameza halafu ladha bado imekaa tu haina haraka. Rosé yao, ile shampeni ya pinki, nzuri ya kawaida, sina la kusema.

Kuhusu sukari, najua mnavyokunja sura mkinywa Brut kwenye send-off halafu mnaiacha mezani. Brut ni chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. Nunua Demi-Sec, ina gramu 32 mpaka 50, wala usione haya, karne ya 19 huko Urusi walikuwa wanakunywa tamu kuliko hiyo na walikuwa matajiri kuliko wewe.

Na hapa ndo Dodoma inaniuma. Tuna zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, Mfaransa ukimwambia anadhani unamtania. Halafu mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anauza zabibu, au anauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kiwandani kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi, na msimu ukigoma zinaozea shambani huku tunasoma kwenye habari kilio cha soko kila mwaka. Wapo wasindikaji wadogo wanaojaribu wenyewe, nawajua wachache, chupa zao ukiziweka kwenye sherehe unaulizwa swali lile lile la binamu yangu. Hakuna atakayechoma ghala, na sisemi achomwe mtu. Nasema nunueni chupa yenye jina la mtu.

Maana hata Champagne si uhakika kwamba hawa watadumu. Hekta moja ya shamba pale kwa wastani inapita euro milioni 1. Mzee akifa sheria ya Ufaransa inawagawia watoto wote, mmoja anataka kulima, wawili wako Paris wanataka chao, na wa kulima hana pesa za kuwalipa wenzake. Anayezo mnamjua. Nilimuuliza mama watoto wake wana mpango gani, akasema mkubwa anasomea kilimo cha mizabibu, mdogo hataki hata kuona mkasi wa kupogolea, akatuongezea glasi akabadilisha mada.

Mkienda, pigeni simu kwanza, hizi ni nyumba za watu. Msiende wakati wa mavuno, mwezi wa tisa au hata mwisho wa wa nane siku hizi, hawana muda na nyie. Saa sita mpaka saa nane mchana wanakula, msigonge geti. Dereva ateme, kuna ndoo maalumu na hakuna anayekucheka. Na msionje glasi tano za bure halafu mkaondoka mikono mitupu mnasema tutarudi. Mimi kwa bei ambayo huku Brussels ningepata chupa moja ya lebo ya njano, pale nilipata karibu mbili, nikabeba boksi zima. Binamu akija kunitembelea atapewa soda.