VAR Haitamaliza Ubishi wa Simba na Yanga

Wapo wanaoamini kwamba VAR, yaani mfumo wa refa kurudia tukio kwenye video, ikiwekwa kila uwanja, ubishi wa Simba na Yanga utakwisha. Mimi siamini. Kamera itaonyesha tukio lilelile, lakini anayelitazama ni shabiki, na ubongo wa shabiki hausubiri refa.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Novemba 1951 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilikutana katika mpira wa Kimarekani. Mechi ilikuwa ya shari: nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitoka na pua iliyovunjika, na baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu moja ya mechi hiyo, wakawataka wahesabu rafu. Wa Princeton waliona Dartmouth wamecheza rafu zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wa Dartmouth wenyewe. Sidhani kama kuna aliyekuwa anadanganya.

Ndiyo maana sipendi kijiweni mtu aitwe mwongo kwa kuona penalti ambayo mwenzake hakuiona. Huenda kweli ameiona. Pale neva inapotokea nyuma ya jicho pana doa lisiloona kitu, na ubongo huliziba kwa kubahatisha kutokana na vilivyo kando yake, wala hatushtuki. Ubongo huohuo utashindwaje kujiamulia kama beki kagusa mpira au kagusa mtu?

Hilo nalisamehe. La kuudhi ni hili: mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Aliwagawa kwa visingizio vya kipuuzi, mfano nani kapenda michoro ya mchoraji Klee na nani ya mchoraji Kandinsky, kisha akawapa kazi ya kugawia wenzao fedha. Walipendelea kundi lao, sawa. Lakini mara nyingi walikuwa radhi hata kundi lao lipate pungufu, mradi liwaache wale wengine mbali.

Sasa nenda Uwanja wa Benjamin Mkapa siku Yanga inacheza na timu ya Misri au Algeria, uone Wanasimba wanavyowashangilia wageni. Simba ikicheza, Wananchi, yaani watu wa Yanga, nao hulipa kisasi. Na pointi anazokusanya mtani kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ndizo zinazosaidia Tanzania kupata nafasi zaidi za klabu humo, ikiwemo ya timu yako. Mweleze shabiki hesabu hiyo. Atakujibu bora tukose wote.