Pango la England, pango la Dar: hofu yetu tumeiweka pasipo pake

Sisi tulioko Uingereza tukiwaza nyumba ya kupangisha Dar es Salaam, maswali yetu karibu yote yanamhusu mpangaji. Atalipa? Ataharibu? Hiyo ni hofu ya huku. England umiliki wa ardhi umetulia; wakili wako anapekua daftari la usajili, na kazi ngumu huanza mpangaji akishaingia. Dar mambo ni kinyume: ukishavuka salama hatua ya kiwanja, ya mpangaji yanazungumzika.

Angalia mwenye nyumba wa England anavyobanwa. Amana haizidi pango la wiki 5, pango la mwaka likiwa chini ya pauni 50,000, na lazima isajiliwe kwenye mpango ulioidhinishwa wa kulinda amana ndani ya siku 30. Ukipuuza, mahakama inaweza kukuamuru umlipe mpangaji amana hiyo mara 1 hadi 3. Cheti cha gesi ni kila mwaka, ukaguzi wa umeme kila miaka 5. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, notisi ya kumtoa mpangaji bila kutaja sababu imefutwa. Asiyelipa, mpaka deni lifike miezi 3 ndipo unapata sababu ambayo hakimu hawezi kuikataa, halafu bado kuna foleni ya mahakama. Anayeanza na nyumba ya mkopo bila akiba ya marejesho ya miezi 6 anacheza kamari.

Sasa Dar. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano si hati ya kumiliki ardhi. Leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa kwenye kiwanja) nayo si hati. Ukionyeshwa hati, chukua nakala, wakili wako afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, muda uliobaki (hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99), rehani ya benki, zuio la mtu mwingine. Kisha mpeleke mpima ardhi wako, siyo wa muuzaji, athibitishe bikoni (alama za mipaka), kwa sababu hati inaweza kuwa halali na bado ukaonyeshwa kiwanja cha jirani. Kama muuzaji ana mume au mke, dai ridhaa ya maandishi. Bila hiyo mauzo ya nyumba ya familia yanaweza kubatilishwa. Mkataba useme pia nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya mauzo), maana uhamisho hukwama hapo na kila mtu humtazama mwenzake. Pesa ipite benki, na sehemu kubwa ibaki mpaka uhamisho ukamilike.

Aliyekwisha kuchukua pasipoti ya Uingereza alitazame hili kwanza kabisa. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hamiliki ardhi kwa njia ya kawaida. Marekebisho ya mwaka 2025 yameleta hadhi maalumu kwa diaspora. Soma masharti yake na wakili kabla ya kuandika kiwanja jina la kaka.

Kuhusu hesabu, watu hujidanganya mchana kweupe. Tuseme umejenga kwa shilingi milioni 90 nyumba nne ndogo za chumba na sebule, kila moja 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 9.6, na wengi huishia hapo. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, kodi ya zuio inayokatwa kwenye pango (asilimia 10 ukihesabiwa mkaazi wa Tanzania), matengenezo asilimia 10, msimamizi 50,000 kwa mwezi. Unabaki na kama milioni 6.4. Pesa yako inarudi baada ya miaka 14, si 9.

Kuchukua pango la miezi 6 mbele kunasifiwa sana; mimi napendelea miezi 3. Hela ya miezi 6 huliwa mapema, shimo la choo likijaa mwezi wa tano hakuna ya kuita gari la majitaka. Tena unawafukuza wapangaji wazuri wanaoishi kwa mshahara. Usitaje dola: kanuni za 2025 zinazuia kutoza kwa fedha za kigeni.

Weka mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa kila mpangaji. Mita moja kwa familia nne ni ugomvi wa kila jioni. Kodi ya majengo hukatwa humo humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ni deni lako wewe. Hakikisha inakatwa kwenye mita moja tu, umrudishie mpangaji husika.

Msimamizi mpe hati ya uwakilishi inayotaja kazi zake: kupokea pango, kusaini mikataba isiyozidi mwaka, kulipia matengenezo hadi kiwango fulani. Iseme wazi kwamba hana mamlaka ya kuuza wala kuweka rehani. Hati halisi ya kiwanja isikae kwake.