Kabla ya kuulaumu waya usio na gesi

Nikisikia fundi anasema waya wa kuchomelea wenye unga ndani, ule usiohitaji mtungi wa gesi, unatoa mshono mchafu, namuuliza kwanza: tochi, yaani kishikio kinachotoa waya, umeifunga kwenye chanya au hasi?

Mashine iliyokuwa ikichomelea kwa waya mtupu na gesi huwa na tochi kwenye chanya. Waya wenye unga kama E71T-11 unataka kinyume chake, yaani tochi kwenye hasi na klampu inayobana chuma kwenye chanya. Nilihangaika na jambo hili kwa wiki kadhaa. Cheche zilirukia kila upande, mshono ukakaa juu ya chuma kama nta ya mshumaa bila kushika, na mimi nikawa napandisha volteji tu. Siku nilipofungua kifuniko cha pembeni na kubadilishana nyaya mbili, mlio wenyewe ulitulia. Ganda la unga ulioyeyuka likabanduka kwa pigo moja la nyundo, chini yake mshono umelala vizuri, kingo zimeingia kwenye chuma.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokimbilia kununua mashine kubwa zaidi. Pesa kidogo itoshayo roli zenye meno, vile vigurudumu vinavyosukuma waya, itakusaidia zaidi. Waya huu ni mrija; kwenye roli laini unateleza, fundi anakaza, mrija unabonyea na kukwama kwenye ncha ya shaba ya tochi. Roli za meno huushika bila kuuminya.

Mkono nao una mazoea yake. Aliyezoea gesi huisogeza tochi karibu mno. Kwa waya mwembamba acha waya utokeze milimita 12 hadi 20 nje ya ncha ya shaba, ili upate moto kabla ya kufika kwenye tao, ule mwali wa umeme unaoyeyusha chuma. Ukifupisha urefu huo, au ukizidisha volteji, mshono unajaa vitundu. Halafu vuta tochi. Ukiisukuma, ganda hutangulia na kunaswa ndani ya mshono.

Moshi wake ni mwingi, kwa hiyo kaa upande upepo unakotokea.

Na soma lebo ya koili. E71T-GS ni wa mshono wa tabaka moja kwenye chuma chembamba. Nimeona watu wakirundika tabaka tatu kwa waya huo kwenye fremu ya trela, na kazi ya namna hiyo siipitishi hata ikionekana safi kwa nje.